Kheri ya Harub

Harub bin Nasor hakuwa msemaji. Ukimwuliza habari za dunia atakujibu habari za unga, kwamba huu una vidudu na ule umelowa. Alikuwa mpishi msaidizi katika meli ya mizigo ya Wagiriki iliyokuwa ikitia nanga Matrah, bandari ya Maskati, mara mbili kwa mwaka. Ruhusa ya kusafiri ilimchukua miezi saba kuipata, maana zama hizo kutoka Maskati hakukuwa mchezo. Nyumbani, katika chumba cha nyuma kwa ami yake, aliwaacha wanawake wawili: mama yake Bi Shaikha, na Bakhita, mke wa kaka yake Thabit. Na Thabit mwenyewe? Hapo ndipo penye kazi.

Wenyeji wa Oman wana desturi yao. Mgeni akifika anakalishwa, analetewa tende na kahawa, kisha mkubwa wa baraza anamwuliza khabari. Jibu ni moja tu, hata kama nyuma yake ameacha nyumba inaungua: kheri. Habari zenyewe, za ndoa na za vifo, huja baadaye, taratibu, watu wakishatulia. Ni adabu nzuri. Harub ikamponza.

Alifika Maskati mara ya kwanza Agosti ya mwaka 1964, ametoka kizuizini Unguja baada ya mapinduzi, mifupa mitupu. Wanawake walikuwa wametangulia na meli ya mwanzo. Wakamkalisha barazani, mzee huyu akauliza, yule akauliza, na yeye kheri, kheri, kheri. Bi Shaikha alikuwa nyuma ya pazia, na mama gani angengoja kahawa iishe? Akauliza kwa sauti, "Na Thabit?" Mdomo wa Harub ulikuwa umeshashika mwendo. Ukajibu kheri.

Basi vigelegele. Bakhita akalia kwa furaha mpaka akamwagiwa maji. Pale pale mwanamume mwenye moyo angesimama akasema, jamani, nimeteleza. Harub hakusema. Tena akatia chumvi: Thabit yuko Mombasa kwa marafiki, mzima, anangoja karatasi zake. Kumbe Thabit alianguka mbele ya macho yake asubuhi ya Jumapili ile ya Januari, wiki ya mwisho ya Shaabani, katika shamba la muhogo nje ya mji, risasi ya shingo. Harub alimruka akakimbia. Hakugeuka.

Alijidanganya kuwa amewahurumia. Mimi nasema aliogopa, lakini tumwachie.

Huruma hiyo ilimkaa Bakhita shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, si mke, si mjane. Marhoon, karani wa forodha aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, alimtuma dada yake kuchungulia kama kuna lolote. Bi Shaikha akamjibu kwa ukali kwamba mke wa mtu haposwi. Ami akampeleka Bakhita kwa kadhi, na kadhi akasema ndugu yake Thabit mwenyewe ameshuhudia kuwa ni mzima, sasa ahukumu nini? Bakhita akarudi kwenye sindano yake. Kila Idi alimshonea mumewe kofia mpya ya viua, akaikunja, akaitia kwenye sanduku. Harub akiliona lile sanduku hupoteza hamu ya kula, kisha huondoka zake na meli.

Februari ya mwaka 1966 meli ikapandishwa chelezoni kutengenezwa huko Siro, kisiwa cha Wagiriki, mji wake umepanda mlima nyumba juu ya nyumba. Mabaharia wenziwe walikwenda kunywa. Harub, asiyekunywa, akatoka kutafuta ndimu. Ngazi hazina mwisho. Alipofika ya mia na kitu akasimama akahema, akajisemea kwa Kiswahili, "Lo, hawa wanakaa au wamejificha?"

"Tumekaa," akajibiwa kwa Kiswahili. "Shika hii, ule."

Alikuwa bibi wa Kigiriki, nguo zake nyeusi tititi, amekaa kizingitini na bakuli. Bi Kaliopi, hilo ndilo jina lake, alikuwa ameishi Tanga miaka kumi na miwili kwa kaka yake mwenye shamba la mkonge, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha manamba. Harub hakuthubutu kukataa. Kwenye bakuli mlikuwa na ngano ya kuchemsha, zabibu, punje za komamanga, na sukari juu. Alipoonja tu akajua hiki si chakula cha hivi hivi. Chakula cha kugaiwa wapita njia, kwao, kina maiti nyuma yake. Akauliza ni hitma ya nani.

Bibi akafurahi kuulizwa. Ilikuwa Jumamosi yao ya kuwakumbuka wafu, akamwambia, na ngano ni ya mumewe Nikola. Wakati wa vita Waitaliano walikikamata kisiwa, meli za chakula zikakatika, na majira ya baridi ya mwaka arubaini na moja watu walikufa njaa mitaani, wakichukuliwa kwa mkokoteni asubuhi. Nikola na jirani yake walitoka kwa mashua kwenda kutafuta unga kisiwa cha pili. Jirani akarudi peke yake. Alisema Nikola amepata kazi huko kwa tajiri mwenye ngano, atarudi vita vikiisha.

Vita vikaisha. Kaka yake akamwita Tanga, akakataa, mume akirudi atamkuta nani? Akawa anamwekea sahani mezani. Miaka minane. Mpaka jirani alipokuwa anakata roho akamwita, akamwambia kwamba Nikola alikufa siku ya tatu tu, kando ya njia, na yeye mwenyewe hakuwa na nguvu hata ya kumfukia. Ndipo bibi akakubali kwenda Tanga kwa kaka yake.

Harub aliuliza kama amemsamehe huyo jirani. Alisema labda jirani alimwonea huruma.

"Waitaliano walikuja, wakaondoka, nimewasahau," Bi Kaliopi akasema. "Huyo sijamsahau. Miaka minane mume wangu hana ngano, hana mshumaa. Huruma gani hiyo?"

Kisha akalitazama bakuli, akamwambia amalize. Harub akamaliza, akashuka ngazi zote zile. Ndimu hakununua. Mpishi mkuu alimtukana kwa Kigiriki, naye hata hakusikia.

Meli ilirudi Matrah mwezi wa Juni, joto la kuchoma. Safari hii Harub hakupitia barazani. Ami yake alimwita kwenye kahawa, akapita, jambo ambalo halijafanywa na mtu mwenye akili zake katika nyumba ile. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mama yake alikuwa anachambua mchele, Bakhita na kofia yake magotini. Akakaa chini mkekani mbele yao, na kabla hawajamaliza kumkaribisha akasema Thabit amekufa. Akasema lini, akasema wapi, akasema alivyomruka. Akasema Mombasa ilikuwa uongo. Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwani angepumzika asingeendelea.

Bakhita aliuliza kitu kimoja: kama Thabit alisema neno. Harub akasema hapana, hakuwahi. Bakhita akachoma sindano kwenye kitambaa isipotee, akavua bangili zake, na akaanza kukaa eda siku ile ile, miaka miwili na miezi mitano baada ya mumewe kufa. Hakulia mbele yao. Ilipokwisha miezi minne na siku kumi, dada yake Marhoon alikuja tena, na safari hii alipewa kahawa.

Bi Shaikha siku ile aliendelea kuchambua mchele mpaka sinia ikaisha, Harub amekaa palepale, jasho linamtoka. Ndipo akasema, bila ya kunyanyua sauti:

"Kila alfajiri nnamwombea arejee salama. Yasini moja hajasomewa mwanangu. Na wewe unakaa nyuma yangu unaitikia amina."

Hitma ilisomwa wiki ile, watu wakajaa mpaka njiani. Bi Shaikha hakumfukuza Harub, wala hakumnyima chakula, na akiugua alimkanda. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Lakini tangu siku ile, kila alipotaka kuomba dua, aliiweka mikono yake mapajani akangoja kwanza Harub atoke chumbani.