Ufa Kando ya Kaburi la Baba

Kwetu Kisondela tunazika nyumbani, na baba amelala migombani, nyuma ya jiko. Baada ya tetemeko moja, ardhi ilipasuka kando ya kaburi lake. Mama na mimi tuliujaza ule ufa mawe na udongo, lakini kila masika ukafunguka tena.

Siku moja akaja mtaalamu wa miamba na vipimo vyake. Akatueleza kwamba huku kwetu ardhi inavutwa pande mbili, inakonda, inadidimia, na baada ya mamilioni ya miaka bahari itaingia.

"Sasa mzee wangu atabaki upande gani?" mama akauliza.

"Wa mashariki, mama. Ila hata kingo za bahari hiyo, joto la chini ya ardhi likishapungua, zitapoa, nazo zitazama polepole."

Nilikasirika. Nani alimwuliza habari za kuzama? Mama alishika jembe akaendelea kujaza ufa.

Mwaka jana tulimzika mama. Alitaka kulala karibu na baba, lakini nafasi iliyokuwepo ilikuwa ng'ambo ya ufa. Masika haya nimeujaza peke yangu. Umeongezeka upana.