Kidole Kilichoacha Kuuma

Juma hili nilikuwa nangoja dawa ya kikohozi katika dispensari moja hapa Moshi, alipoingia mzee kutoka Uru pamoja na mkewe. Miguu yote miwili alikuwa ameifunga vipande vya gunia la kahawa.

"Shikamoo, mzee. Unaumwa nini?" dresa, mfunga vidonda wa pale, akamwuliza.

"Kidole cha mguu."

"Kipi?"

Mzee akamkazia macho. "Mganga wa kwetu haulizi. Anakitaja mwenyewe, ndipo namwamini. Nyinyi mnakata watu vidole ovyo. Kitafute."

Dresa akafungua magunia. Vidole vyote vilikuwa vimepakwa majivu. Akavibonyeza kimoja kimoja huku akimtazama mzee usoni. Mzee hakukunja uso hata kidogo. Mwishowe akatugeukia sisi wa kwenye benchi, akacheka. "Mmemwona? Hajui!"

Dresa alikuwa ameshika kidole cha mwisho, akakidunga kwa pini. Mzee aliendelea kucheka.

"Ni hiki," dresa akasema. "Kina baridi kuliko vingine. Kiliacha kuuma lini?"

Kicheko kikakatika. Mkewe ndiye aliyejibu. "Jumapili. Akasema kimepona. Jana kaa la moto likamwangukia hapo, hakushtuka, ndipo nikamleta."

Mimi pia siwaamini sana watu wenye visu. Lakini jioni ile nilivua viatu, nikavibonyeza vidole vyangu. Kidole gumba, kinachonisumbua tangu mvua zianze, kikauma kweli kweli, nami nikamshukuru Mungu. Asubuhi nikampelekea dresa kidole changu, kingali kinalalamika.