Jumamosi Niliyomzungusha Jirani Kisiwani

Simu ya kaka wa jirani yangu ilinikuta naosha vyombo vya chai. Alikuwa anapiga kutoka Louisville, huku huku Marekani, na hakuzunguka: mama yao amefariki alfajiri, huko Uvira, Kongo.

"Bon, usimwambie kitu," alisema. "Tunatoka sasa hivi, tunapitia Columbus kumchukua shangazi. Umtoe nyumbani mpaka tufike."

Kwetu mtu aliye peke yake hapewi habari ya msiba kwa simu. Watu wazima hukusanyika kwanza, wakamkalisha, ndipo akaambiwa. Desturi hiyo naijua, hata Kigoma tunafanya hivyo hivyo. Lakini jamani, kwa nini mimi? Mimi ninayejulikana hapa Buffalo nzima kwa mdomo usio na breki!

Jirani yangu alikaa ghorofa ya chini, peke yake, na siku za mapumziko alikuwa na ugonjwa mmoja tu: baiskeli. Nikamgongea. "Twende kisiwani," nikasema. Alifurahi mpaka nikaona aibu, maana siku zote yeye ndiye huniomba, na mimi nasingizia mgongo.

Kisiwa chenyewe kiko ukingoni mwa ziwa, kimelala chini, hata mwinuko hakina. Sehemu kubwa watu waliitengeneza wenyewe, wakamwaga vifusi, majivu na taka za mji mpaka maji yakasogea. Upepo ukivuma kutoka ziwani, maji hupanda tena juu ya njia. Siku hiyo ya Oktoba yalikuwa yamepanda. Tulipita tumeinua miguu, na soksi zikalowa vilevile. Baridi kali, mawingu yamekaa kama sufuria iliyoungua. Tukazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi naibia kutazama saa.

"Leo umekula nini, mzee wa mgongo?" alinitania.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mahali ambapo matofali ya zamani yanachomoza kwenye majani, alishuka akanipa simu yake nimchukue video. Kwao mto ulikuwa umeshabomoa nyumba ya mama yake mara mbili, na watu walikuwa wanamwambia mama ahame.

"Mama, ona," alisema, akigonga tofali kwa kiatu. "Hata huku maji inakuja. Lakini walijaza mawe, donc na sisi tutajaza. Usihame. Nikikuja tutajaza pamoja."

Nilishika simu kwa mikono miwili mpaka akamaliza. Tena nilimwambia asogee kidogo, uso uonekane vizuri.

Akaituma, haikufika. "Simu yake imezima," akasema. "Umeme ya Uvira!" Akairudisha mfukoni bila wasiwasi. Pale ningeweza kusema, tulikuwa wawili tu. Nilipanda baiskeli.

Tuliporudi jioni, magari yalikuwa yamejaa mtaani na makochi yake yametolewa nje, barazani, ili watu wakae chini ndani. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Alitazama makochi, akamtazama kaka yake mlangoni, baiskeli ikamponyoka.

Walimkalisha kwenye mkeka, wanawake wakalia. Yeye hakulia. Baadaye akaniita kwa mkono, nikainama nikidhani anataka maji.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Na ukaniacha niongee na mama."