Picha ya Mwisho Lazima Isikike

Saa nne kasoro robo asubuhi, mvuke wa chai umefunika vioo vya ukumbi wa nyumba ya wazee, na Kinue Hirabayashi anavuta kiti kimoja cha mbao hadi karibu na dirisha, hatua mbili kutoka kwenye jiko la mafuta ya taa. Nje theluji ya Februari imefika usawa wa magoti. Wazee kumi na wawili wamekaa mezani wakiwa wamevaa nguo zao bora, wanakunywa chai na kutafuna mboga zilizochachushwa, na macho yote yako kwake.

Leo anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Shingoni ana kamera mbili, na anaogopa zisigongane, kwa sababu hakuna hata moja iliyo yake.

Wa kwanza kuitwa ni Bi Toyo Karasawa, miaka tisini na mitatu, aliyepaka rangi ya mdomo tangu kabla ya kifungua kinywa. Anaziangalia kamera, kisha anamwangalia mwenye nazo.

"Nimenenepa kiasi gani mwaka huu hata moja haitoshi?" anauliza, na meza nzima inacheka.

Kinue ana miaka sitini na moja. Kwa miaka ishirini na sita amezunguka mji wa Matsumoto, Japani, na vijiji vya jirani akiwapiga watu picha moja tu: ile itakayosimama mbele ya jeneza lao siku ya mazishi. Ni kazi ya heshima na haina huzuni kama mtu anavyoweza kudhani. Asiyejipigia mapema huishia kukatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mpwa wake, bega la mtu mwingine likiwa limebaki pembeni. Bi Toyo hataki bega la mtu. Kila baada ya miaka miwili hupiga mpya, na hii ya leo ni ya tano.

Picha moja Kinue huitoza yeni elfu sita, na kwa mwezi mzuri hupiga ishirini na tano. Hatajiriki kwa hilo. Hadi mwaka jana alikuwa akitumia kamera ya filamu aliyoachiwa na baba yake, aina ambayo vijana wa sasa huishika kichwa chini miguu juu. Haijilengi yenyewe. Ukichungulia kwenye kidirisha chake kidogo unamwona mtu akiwa wawili, sura moja imepauka juu ya nyingine, nawe unazungusha lenzi kwa kidole mpaka sura hizo zikutane na kuwa moja. Hapo ndipo unabonyeza.

Kwa nini ajitese hivyo wakati kamera za dukani leo zinalitafuta jicho la mtu zenyewe? Jibu lake ni jepesi. Kidirisha hicho kiko pembeni kabisa. Ukichungulia kwa jicho la kulia, nusu ya uso wako inabaki wazi, na mzee aliyekaa kitini anaongea na mtu.

"Mtu hawezi kunipa uso wake nikiwa nimeficha wangu," anasema Kinue.

Lakini jicho la kulia lenyewe limeanza kumtupa mkono. Daktari alimwambia, miaka mitatu iliyopita, kwamba nyuma ya jicho pamechakaa kidogo, kwamba si jambo la upasuaji wala la dawa ya matone, na kwamba litaendelea polepole. La kushoto ni zima, ila akichungulia kwa kushoto kamera inamziba uso wote. Kinue alishukuru, akalipa, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Watu wa huku hawapendi kumtwisha mwenzao shida zao, na yeye katika hilo ni bingwa wa mkoa.

Siri hiyo ilimgharimu Aprili iliyopita. Alimpiga picha Bwana Maruyama, mstaafu wa reli, aliyevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Siku hizo filamu zilikuwa zinapelekwa Tokyo, kwa sababu maabara ya mjini ilikuwa imefungwa, na zilichukua wiki mbili kurudi. Ziliporudi, sikio la Bwana Maruyama lilionekana kila unywele, na macho yake yalikuwa ukungu. Kwa wakati huo mwenyewe alikuwa na siku nne tangu afariki.

Familia ilitumia picha ya safari ya kuoga maji ya moto, akiwa amevaa joho la hotelini, ikamlipa fundi amvishe suti kwa kompyuta. Kinue alikwenda mazishini. Alikaa mstari wa nyuma akiitazama ile suti isiyo ya mtu, na anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Ndipo alipoamua kuachana na filamu, ili aone kosa hapo hapo wakati mtu bado yuko kitini. Alitaka kamera ya dijitali ya ukoo ule ule, yenye kidirisha, na yenye kihisi cha mwanga kikubwa sawa na kipande cha filamu, ili lenzi ya baba yake ione upana ule ule iliouona siku zote. Kamera hizo ni chache na bei yake inakata pumzi. Katika duka la Bwana Momose, karibu na stesheni, zilikuwapo mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani, imetumika zaidi ya miaka kumi, nene kama kipande cha sabuni, kwa yeni laki nne na elfu kumi. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, kidirisha kikubwa na cheupe, kwa yeni laki tisa na elfu themanini, fedha ambayo hapa mjini inakupa gari dogo lililotumika. Kwa akiba yake, ya kwanza angeinunua na kubakiwa na kitu. Ya pili ingemlazimu kuuza kila kamera aliyorithi.

Alizilinganisha jinsi wanaume wa mtandaoni wanavyozilinganisha. Wapo wengi, na wana muda. Alibandika gazeti ukutani mwa duka, akalipiga picha kwa kila kamera, akakuza herufi mpaka zikaonekana kama mawe ya barabara. Alipiga matofali. Alipiga chupa ya mchuzi wa soya gizani kabatini. Mpya ilishinda kila kitu: gizani haikuwa na chembechembe, na mlio wake ulikuwa mdogo mno, sifa ambayo wanaume wale huiimba kuliko zote. Bwana Momose alimwonea huruma kwa daftari lililojaa, akamkodishia zote mbili kwa siku tatu na kumwambia aende nazo kazini, kwa sababu magazeti hayafi.

Ndiyo maana leo yuko ukumbini na kamera mbili.

Anaanza na mpya. Kidirisha chake ni kipana, sura mbili za Bi Toyo zinakutana bila shida, na Kinue anabonyeza mara tatu akiwa na raha ambayo hajaionja kwa muda mrefu. Bi Toyo amekaa wima, mikono magotini, ametuna. Sekunde zinapita. Uso unaanza kuwa mwekundu.

"Bado?" anauliza kwa sauti ya kubanwa.

Kumbe amebana pumzi. Watu wa umri wake walifundishwa kwamba kwenye picha mtu anatulia mpaka asikie mlio, na mlio huu masikio ya miaka tisini na mitatu hayaukamati. Picha zote tatu ni kali hadi kope, na zote tatu zinaonyesha bibi anayezama majini.

Kinue anatazama huku na huku akitafuta kitu cha kutoa mlio. Kwenye kona ya ukumbi kuna madhabahu ndogo ya marehemu wa nyumba hii, na mbele yake kengele ya shaba yenye umbo la bakuli, inayogongwa watu wanapowaombea wafu. Bila kufikiri anaichukua. Anamweleza Bi Toyo kwamba akiisikia ajue picha imekwisha, anarudi mahali pake, analenga, anabonyeza, anagonga.

Ting.

Ukumbi mzima unafumba macho. Viganja kumi na viwili vinakutana na wenzao vifuani, na hata Misuzu, mhudumu aliyebeba trei ya vikombe, anainamisha kichwa. Kisha inasikika sauti ya Bi Toyo, macho bado yamefumbwa.

"Kwani nimekufa lini?"

Wanacheka mpaka mzee mmoja anatokwa na meno ya bandia. Bi Toyo mwenyewe anacheka kwa kinywa chote, jino lake la dhahabu linang'aa, na katikati ya vurugu hiyo kidole cha Kinue kinabonyeza.

Picha hiyo ni nzuri ajabu. Misuzu anasema ndiyo yenyewe, na wazee wanapokezana skrini wakikubali. Bi Toyo anaitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Nzuri," anasema. "Lakini hii umenichukulia, Kinue. Sijakupa."

Kinue anakaa chini.

"Zile nne za nyuma nilizisikia zote," bibi anaendelea. "Kacha, halafu nikapumua. Nikajua haya, nimeshamaliza sehemu yangu, wengine watamalizia yao. Picha yangu ya mwisho usinipige kimya kimya, mwanangu. Nataka kuisikia."

Basi Kinue anachukua ile ya zamani, ile nene. Bi Toyo anabana pumzi. Kacha! Mlio ni mzito na mnono, unafika hadi jikoni. Bi Toyo anapumua, mabega yanashuka, na kwenye uso wake unapita utulivu ambao Kinue anaujua kwa miaka ishirini na sita. Anapiga tena pale pale. Halafu anakuza picha kwenye skrini.

Sikio ni kali. Macho ni ukungu.

Siku hiyo anawapiga picha wote kumi na wawili kwa kila kamera. Mpya inapatia kumi na moja. Ya zamani, yenye kidirisha kidogo, inapatia saba. Anaandika namba hizo daftarini, anawaambia wazee atarudi Alhamisi, anatembea kwenye theluji hadi dukani.

Bwana Momose anamsikiliza, anauliza kama kamera ya zamani imeharibika. Kinue anajibu haijaharibika. Anauliza kama ni lenzi, naye anajibu si lenzi. Kinue anaweka kamera zote mbili juu ya kaunta, na huku akiangalia vidole vyake anasema jambo ambalo hajamwambia hata mwanawe.

"Ni jicho langu, Bwana Momose. La kulia. Ni miaka mitatu sasa linafifia."

Mzee huyo wa duka hasemi pole. Anavuta droo ya chini, anapekua kati ya skrubu na mikanda, anatoa kioo cha kukuzia kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Anakipangusa kwa shati lake, anakifungia kwa skrubu kwenye kidirisha cha kamera ya zamani, anampa.

Kinue anachungulia. Ng'ambo ya barabara kuna kibao cha kinyozi, na sura zake mbili ni kubwa, zinapishana wazi. Anazungusha lenzi. Zinakutana.

"Mbona hukunionyesha siku zote hizi?" anauliza.

"Hukuniuliza jicho, dada," anajibu Bwana Momose. "Uliniuliza kamera. Nusu ya wateja wangu wana kioo hicho na wote wanakificha kama wewe."

Kinue anacheka, halafu analia kidogo, halafu anacheka tena. Kioo ni yeni elfu tisa. Anakilipia pamoja na kamera nene, na ile mpya inarudi kabatini kuwasubiri wanaume wa mtandaoni.

Alhamisi anarudi ukumbini akiwa na kamera moja shingoni, na kabla ya kuanza anawaambia wazee habari ya jicho lake, kwa sababu anaona wana haki ya kujua nani anawapiga picha. Anakiri hata habari ya Bwana Maruyama. Wanamsikiliza wakitafuna.

"Jicho tu?" anasema Bi Toyo. "Mimi nina magoti mawili, na sijamtangazia mtu."

Anapiga kumi na mbili. Kumi na moja ni kali machoni, na ya kumi na mbili mwenyewe alipiga chafya. Picha ya Bi Toyo, ya kacha moja, inamwonyesha ametulia, rangi ya mdomo imenyooka, anamtazama mtu anayemfahamu. Ile ya kicheko ameomba apewe pia, ya kuweka juu ya friji.

Akiba iliyobaki Kinue ameshaipangia kazi. Theluji ikiyeyuka atatengeneza gari lake dogo, aende vijiji vya juu milimani ambako wazee hawawezi kushuka mjini na hakuna anayepanda kuwapiga picha. Daktari hajamwahidi miaka mingapi jicho litamvumilia. Ameanza kumfundisha Misuzu, siku zake za mapumziko, jinsi ya kuzikutanisha sura mbili.

Kabla hajaondoka, Bi Toyo anamwita na kumtaka aandike miadi ya Februari, miaka miwili ijayo, saa nne kamili, kiti cha karibu na jiko. Wateja waliopita tisini Kinue huwaandika kwa penseli, ili aweze kufuta bila kuchafua ukurasa. Bi Toyo analijua hilo, na anamkodolea macho.

Kinue anairudisha penseli mfukoni. Anaazima kalamu ya wino ya Misuzu, anaandika jina la bibi, na chini yake anaandika lake, la mpiga picha.