Kivuko Kisichotajwa

Harufu ya petroli ikikutana na harufu ya udongo mbichi wa kufinyangia, mimi hurudi kwenye umri wa miaka tisa, nimeketi juu ya sakafu ya mbao inayoyumba, kichwa cha babu kikiwa mapajani mwangu. Harufu hizo mbili kwa kawaida hazina ujirani. Udongo ulikuwa wa mama, kwenye kucha na kwenye pindo la kaniki yake, maana alikuwa Mkisi wa Lyulilo, kwa wafinyanzi wa kando ya ziwa, na hata baada ya kuolewa kwetu Katumba Songwe, kwenye mpunga na migomba, hakuacha kufinyanga. Petroli ilikuwa ya Mzungu mmoja tuliyempa jina la Bwana Dira, aliyefika masika ya mwaka ule na lori lililobeba nyumba mgongoni. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, rafu ya vitabu na dirisha lenye pazia lililotazama kiti cha dereva. Watu walikwenda kulichungulia gari lile kwa zamu. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba mwenye gari hakuwa akienda popote. Hakuwa na msiba wa kuhudhuria wala mali ya kuuza, alisafiri kwa kujifurahisha tu, na wazee walisema kwa upole kwamba huenda nyumbani kwake kuna ugomvi.

Shingoni alining'iniza dira ya shaba, kwenye kiti aliweka ramani iliyobandikwa kwenye kitambaa isichanike, na mfukoni alikuwa na daftari la kuandikia mwendo. Alituonyesha vyote kwa fahari. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, cha maji na kuni na kushoto na kulia, lakini alijieleza vizuri kwamba hapo nyuma aliwahi kumfuata mwongoza njia aliyesema “karibu tu, karibu tu” hadi wakazama kwenye tope siku tatu. Tangu hapo alijiwekea sheria kwamba hageuzi usukani mpaka vitu viwili vikubaliane. Neno la mtu lilihesabiwa kitu kimoja. Mama, ambaye tangu usichana alikuwa amebeba vyungu kichwani kutoka ziwani hadi bara, alimsikiliza kutoka mbali, akacheka puani na kurudi kwenye udongo wake.

Sasa inabidi nieleze jambo la kwetu. Mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani huchepuka na kujifunika, hali naye, hasemi naye, na jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Ukristo ulituingia lakini jambo hili ulilikuta na kuliacha palepale. Babu yangu aliitwa Lupembe, na kwa ajili hiyo mama hakuwa na neno pembe kinywani mwake. Pembe za ng'ombe aliziita “vya kichwani”, na pembe ya nyumba aliiita “pale ukuta unapokunja”. Mimi, mjukuu wa kike, sikukatazwa, ila hakuna aliyenieleza hivyo. Siku moja nililitamka neno hilo jikoni, nikapigwa kofi, na kuanzia hapo nikaamini kwamba katazo ni la kila mwanamke wa mji ule. Shuleni mwalimu alipouliza ng'ombe ana nini kichwani, nilisimama nikajibu, “Ana vya kichwani,” darasa zima likaangua kicheko.

Asubuhi babu alipoanguka, baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu Lupa. Ngiri ya babu ya miaka mingi ilikuwa imejikaza, tumbo likawa gumu, akawa anatapika na kutweta. Mganga msaidizi wa zahanati alimbonyeza kidogo tu, akasema huyu ni wa kisu, afike hospitali ya misheni upande wa ufukweni kabla ya jioni, la sivyo tuandae sanda. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli mgeni alikuwapo. Bwana Dira alikubali mara moja. Lakini babu zangu wadogo hawakuijua njia ya kuvuka mto Mbaka kwenye masika, na aliyeijua alikuwa mmoja tu. Mama alijifunika kaniki mpaka usoni, akapanda mbele kwa Bwana Dira huku ameupa ukuta wa mbao mgongo. Nyuma nililaziwa babu mapajani, na pazia likafungwa. Sikuwahi kumwona mama akiogopa vile, yeye ambaye hata mamba ziwani alikuwa akiwatukana.

Mvua ilinyesha bila kupumzika. Tulitambaa kwenye matope, na kila gari lilipogonga shimo babu alitoa sauti ambayo mpaka leo siwezi kuiandika. Saa nane hivi tulifika njia panda karibu na Mbaka. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, mashamba yote yalikuwa yamelala chini ya maji. Bwana Dira alikunjua ramani, akaweka dira juu yake, akasema tunashuka kulia, darajani.

“Daraja halipo, Bwana,” mama alisema. “Lilichukuliwa na maji mwaka juzi.”

“Ramani inasema lipo.”

“Ramani haijapita hapa na chungu kichwani.”

Alimweleza kwamba wabeba vyungu huvukia juu zaidi, mto unapojikunja, mahali penye changarawe ngumu ambapo hata gari la mwenye duka limewahi kupita. Tukishuka kulia tutakuta nguzo tupu, na kwenye tope lile hatutageuza gari siku hiyo. Bwana Dira hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza. Alisema vivuko vyote vimeandikwa kwenye ramani. Mama ataje jina la kivuko, yeye akiliona tu kwenye ramani, vitu viwili vimekubaliana, atakwenda.

Nilisikia mama akijivutia kaniki. Kisha mama akasema kinaitwa kama vile vya kichwani mwa ng'ombe. Bwana Dira alitafuta Ng'ombe. Alitafuta Kichwa. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mama akisimamisha vidole viwili juu ya kaniki yake, na Mzungu akaitikia kwa kichwa, “Ndiyo, ndiyo, masikio,” akaanza kutafuta Masikio. Ile pembe alikuwa ameiona maisha yake yote, jina lake tu la Kiswahili hakuwa nalo. Mimi nilikuwa nalo. Lilinijaa mdomoni, nikalibana kwa meno, nikilikumbuka kofi. Mikono ya babu ilikuwa imeanza kupoa. Injini ikanguruma, usukani ukaanza kwenda kulia.

“Lupembe,” mama akasema. “Lupembe, Bwana. Kinaitwa Lupembe.”

Na babu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amejibu mtu, akafumbua macho mapajani mwangu.

“Nipo,” alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kwa watu hao wawili kusemezana. Mabega ya mama yalijikunja kama ya mtu aliyemwagiwa maji. Bwana Dira hakujua kilichotokea. Aliweka kidole kwenye ramani, akasema kwa furaha, “Lupembe, hiki hapa,” akakata kushoto. Changarawe ilitupokea. Maji yalipanda hadi kwenye sakafu, yakanilowesha miguu, kisha yakashuka. Kabla ya jioni babu alikuwa chini ya kisu.

Alipona. Aliporudi nyumbani, wazee walikuja na swali lao, maana Bwana Dira kila alikopita alimsifu mama kwa kumtajia jina lile, asijue anamchongea. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alikuwa ndani, amefungasha nguo zake tayari kurudishwa Lyulilo. Babu aliwasikiliza hadi mwisho, akasema, “Nilikuwa mgonjwa. Sikusikia mtu.” Wazee wakanywa togwa, wakaondoka. Kisha akaniita, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwambie mama yako, ndaga fijo.” Nilizipeleka asante hizo nyuma ya nyumba. Mama alizipokea, akafungua mzigo wake, akatundika nguo. Hadi anakufa, miaka mingi baada ya babu, aliziita pembe “vya kichwani”. Mimi nina aibu yangu. Aliyekuwa huru kusema alinyamaza, na aliyefungwa ndiye aliyesema.

Mwaka jana mjukuu wangu alikodi gari la kulala humo humo, lenye jokofu na kitanda kizuri kuliko changu, anizungushe nilikozaliwa. Siku mbili nzima alibishana na mkewe wachukue ramani ipi, ya karatasi au ya simu, na kile kidude cha kubandika kiooni kina faida gani. Waliniuliza, nikasema chukueni vyote, na bado mkifika muulizeni mwenye kupita na mzigo. Walicheka, wakachagua simu. Tulipokaribia Mbaka, sauti ya mwanamke ikasema kutoka kwenye kioo cha simu, laini kabisa, bila kujifunika, kwamba baada ya mita mia mbili tutafika Lupembe. Alilitaja kama anavyotaja kituo cha mafuta. Mwanamke huyo anazijua njia zote, wala hana baba mkwe. Mjukuu wangu aliniuliza mbona nimegeuka ghafla kutazama kitanda cha nyuma. Nilimwambia shingo inauma. Nilikuwa nasubiri mtu aitikie.