Kombo wa Benaco na Mkono wa Mtu Baki

Kombo alikuwa mtu mkarimu, na ushahidi ni kibao alichokipigilia mlangoni kwake: KUKAA BILA SHUGHULI NI MARUFUKU. Alizaliwa Biharamulo mjini, karibu na boma la Mjerumani, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani na bado wanazungumza kama walioshuka kwenye basi jana. Wakimbizi walipojaa Ngara, akapakia bidhaa zake akawafuata mpaka Benaco, maana penye wakimbizi pana wafadhili, na mfadhili hana mkono wa birika. Aliuza sabuni, akauza betri, na mwaka 2005 akafunga dishi juu ya bati akaweka kompyuta za mtandao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kombo alipona vizuri sana, na muda wote akilalamika kwamba wageni wanammaliza.

Mimi niliuza chai ukuta kwa ukuta naye, kwa hiyo lawama zake nilizipata zikiwa za moto. Wamemaliza kuni. Wamemaliza maji. Wanawake wa kambi ya Lukole walikuja kwake kuzungumza na ndugu zao walioko Ulaya kwa simu za kompyuta, na wakishamaliza tu, anawaondoa kwenye benchi. Walikuja kumalizia machozi kwangu, juu ya maandazi.

Siku moja mtandao ukawa mzito. Akaitwa Projestus, fundi wa kompyuta kutoka Keza, akaja na pikipiki yake akiwa mwekundu kwa vumbi.

"Shikamoo mzee. Hii kompyuta yako ya mlangoni inapitisha simu za watu wengine."

"Marahaba. Watu gani?"

"Siwajui. Simu hizi hazina ofisi ya katikati. Kompyuta zinatafutana zenyewe, moja inabisha hodi, nyingine ikiitikia wanaongea. Sasa ziko zilizofungiwa ndani ya ukuta, hodi haizifikii. Basi zinaazima kompyuta ya tatu iliyo wazi, kama hii yako, ipokee maneno huku iyapeleke kule."

"Bila kuniomba ruhusa?"

"Uliombwa, mzee. Siku ya kuweka programu ulibonyeza kukubali."

Kombo aliumia kweli. Wakimbizi barabarani, na sasa wakimbizi ndani ya waya. Akaamuru ukuta ujengwe kwenye mtandao wake siku hiyohiyo. Projestus akamwonya kwamba ukijifungia, hodi ya anayekutafuta wewe nayo haitafika.

"Mimi nina mgeni gani?" akasema Kombo. Ukuta ukawekwa.

Mgeni alikuwa Raya, binti yake wa pekee, aliyekuwa Ulaya akisomea uuguzi. Mwaka uliofuata akachumbiwa na mwanafunzi mwenzake, Idi, kijana wa Tanga. Kombo akaomba viza aende kuozesha, akanyimwa. Inaelekea ubalozini nako kuna kibao mlangoni. Ndugu wakamshauri ateue wakili hukohuko amwozeshee, jambo ambalo dini inaliruhusu bila matata. Akakataa katakata.

"Binti yangu simwozi kwa mkono wa mtu baki. Nitamwoza kwa kinywa changu."

Sheikh Maulidi akaridhia, kwa sharti moja: waonane kwenye kioo, na maneno ya baba na jibu la bwana harusi yafuatane bila kukatika. Yakikatika, basi siku hiyo hakuna ndoa.

Siku yenyewe Kombo alivaa kanzu na koti, akaketi mbele ya kompyuta ileile ya mlangoni. Sheikh Maulidi akaketi kando yake, mimi nikasimama dirishani. Projestus akapiga, kimya. Raya akatuma ujumbe kwamba na yeye anapiga, kimya. Kumbe hosteli yake nayo ina ukuta. Ukuta huku, ukuta kule, na katikati baba anatokwa jasho mpaka kola ikalowa. Nilimhurumia, ingawa sikupenda kumhurumia.

"Bomoa," akamwambia Projestus. "Bomoa mwanangu, nakuomba."

Projestus alikuwa ndiyo kwanza anavuta kiti, simu ikaita. Raya akatokea kwenye kioo, mdogo, picha inakatakata, na mtandio wake mweupe, Idi pembeni yake.

"Idi, nimekuoza binti yangu Raya kwa mahari mliyokubaliana."

Maneno yakasafiri muda mrefu kiasi cha mtu kufa na kuzikwa. Kisha sauti ya Idi ikaja, nzima: "Nimekubali kumuoa."

Sheikh akasema imetimia. Kombo alilia waziwazi, nami nikalia. Alipojifuta uso, ulimi wake ukarudi.

"Umeona? Ukuta haukuzuia kitu."

"Umezuia, mzee. Wako upo na wa hosteli upo, sijagusa kitu. Simu imetafuta njia mpaka mmepitia kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ameacha kompyuta yake wazi mahali fulani duniani. Naye hajui kama amewapitisha."

Kombo akakitazama kile kioo kilichozimika. "Kwa hiyo maneno yangu kwa Raya yamepita mkononi mwa..."

"Mtu baki," nikamalizia dirishani, kwa sababu nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo miaka.

Ukuta ulibomolewa kabla Projestus hajawasha pikipiki. Kibao Kombo hakukitoa, maana Kombo ni Kombo. Ila tangu siku hiyo wanawake wa Lukole walikaa chini ya kibao hicho mpaka machozi yakaishia palepale benchini, na mimi nikakosa wateja.