Harufu ya Urwagwa kwenye Shati

Wasiwasi ulioninyima usingizi nilipoanza kazi hospitalini Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, ulikuwa huu: nitamtofautishaje mlevi na mtu anayekufa? Wote wawili hukoroma, hutapika, na hawajibu swali. Nilikuwa nimetoka shuleni karibuni na cheti cha msaidizi wa daktari. Siku yangu ya kwanza wodini muuguzi mkuu, mzee aliyeogopwa na kila mtu, alinikuta nimeduwaa kando ya mlevi mmoja.

"We kijana, unasumbuka bure," alisema. "Ikinuka pombe, ni pombe. Muache alale."

Shuleni tulifundishwa zaidi ya hapo. Pombe ikitoka tumboni huingia kwenye damu, na damu huifikisha ubongoni. Ikiwa kidogo, mtu huchangamka. Ikizidi, ulimi huwa mzito na miguu haimtii. Ikizidi sana hulala, na hata pumzi inaweza kukatika. Kuiondoa ni kazi ya ini, nalo lina mwendo wake. Kahawa chungu au kumwagiwa maji ya ziwani hakuliharakishi. Kipimo cha pombe kwenye damu kilikuwapo, lakini si kwetu. Tulisafisha ngozi kwa sabuni, maana spiriti nayo ni pombe na ingeharibu kipimo, tukatoa damu na kuipeleka maabara ya mbali. Majibu yalirudi mgonjwa keshapona au keshazikwa. Kuuliza wanywaji wenzake nako hakukusaidia: watu walikunywa mtungi mmoja, mrija ukipita kwa huyu na yule, na hakuna aliyejua nani kavuta kiasi gani.

Jumapili moja asubuhi wavuvi wa Nyamyumba walimleta mwenzao, Gakuba, kwenye machela. Shati lake lilinuka urwagwa, pombe yetu ya ndizi, hadi mlangoni. Muuguzi mkuu akaamuru alazwe pembeni. Daktari mkuu, Mbelgiji, alikuwa kwa rafiki zake ufukweni, na wiki ile alikuwa ameniambia, "Ukiniita tena kwa ajili ya mlevi, utarudi kwenu."

Niliendelea kumchungulia Gakuba. Mlevi hupata nafuu kadiri saa zinavyopita. Huyu alizidi kuzama. Asubuhi nilipomfinya alivuta mkono, mchana hakuuvuta. Nikanusa kinywa chake. Hakikunuka pombe hata kidogo. Nikatoka nje kumtafuta mke wake, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi kama wote walioleta wagonjwa, maana hawakuruhusiwa kuingia.

"Mama, alikunywa wapi?"

"Muganga, hajakunywa. Tulikuwa tunapeleka pombe kwa wakwe, kuombea kijana yetu muke. Ile hatufungue njiani. Aliteleza ku mawe, kibuyu kikapasuka juu yake."

"Halafu?"

"Akasimama, akacheka, tukatembea. Kisha akasema kichwa iko inauma, akalala."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nilirudi mbio nikamfungua macho. Mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo.

"Mzee, munyoe kichwa," nilimwambia muuguzi mkuu. "Mimi naenda kumuita daktari."

"Akikufukuza, mi sikuwa hapa," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta wembe.

Daktari mkuu aliniona tangu kwenye veranda. "Mlevi?"

"Hapana, Daktari. Damu kichwani. Mboni moja imepanuka."

"Bon, haya. Una hakika?"

"Ndiyo," nilisema, na akaacha sahani yake.

Alitoboa fuvu, damu nyeusi ikatoka, na pumzi ya Gakuba ikarudi kuwa ya mtu aliyelala usingizi wa kawaida. Kesho yake alifumbua macho akauliza kama wakwe wamekasirika. Wodi nzima ilicheka. Muuguzi mkuu alicheka hadi akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa wa jirani.

Sasa nimestaafu, na nimehudumu katika hospitali kubwa kuliko ile, lakini hakuna siku ninayoikumbuka kwa fahari kama iliyofuata. Daktari mkuu alinikabidhi mapokezi. Nikaamuru kwamba mtu yeyote anayenuka pombe avuliwe shati, apapaswe kichwa, na aliyemleta aingizwe ndani aulizwe, kabla ya yeyote kutamka neno mlevi. Muuguzi mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalibeba benchi la chumba chake mwenyewe, akaliweka kando ya meza yangu, akatoka nje kuwaita wake na mama waliokuwa kwenye nyasi waje kukaa.